msgfmt, pofilter au Weblate: ukaguzi upi wa tafsiri unaufaa mradi wako?

Tafsiri mbovu inaumiza kwa namna mbili. Ya kwanza inaangusha programu: mtumiaji anabonyeza, ukurasa unakufa. Ya pili haiangushi kitu, ila mtumiaji anacheka, au haelewi, au anabonyeza kitufe kisicho chake. Mashine inaijua vizuri sana ile ya kwanza. Hii ya pili inaibahatisha tu, na mara nyingi inakosea. Wanaouliza "kifaa kipi bora cha kukagua tafsiri" kwa kawaida wanaziuliza zote mbili kwa mpigo, ndiyo maana majibu wanayopata hayapatani.

Mfano nitakaoutumia ni programu huria ndogo tunayoitunza hapa Tabora, ya kupokelea asali kwenye chama cha msingi. Mfugaji nyuki analeta ndoo, karani anapima, mfumo unatoa stakabadhi. Imeandikwa kwa lugha ya Python na Django, mfumo wa kujengea tovuti. Maandishi ya asili ni Kiingereza, tafsiri kuu ni Kiswahili, na Kinyamwezi kinafuata polepole kwenye skrini za wafugaji. Wanaofasiri hawaandiki kodi ya programu: yupo mwalimu mstaafu wa Isevya, afisa nyuki aliyeko Sikonge, na vijana wa chuo wanaokuja na kuondoka. Tafsiri zenyewe zinakaa kwenye mafaili ya .po, utaratibu wa gettext ya GNU ambao umekuwapo tangu miaka ya 1990 na bado ndio unaobeba programu huria nyingi. Kama mradi wako unatumia JSON au mafaili ya Android, majina ya amri yatabadilika, lakini hoja ni zilezile.

Hizi hapa sentensi za kupimia (msgid ni maandishi ya asili, msgstr ni tafsiri). Ya kwanza:

msgid "%(name)s delivered %(kg)s kg"
msgstr "%(jina)s ameleta kilo %(kg)s"

Mfasiri kaona neno la Kiingereza, kalifasiri. Nani wa kumlaumu? Hakuna aliyemwambia kwamba kilichomo ndani ya mabano ni jina la kisanduku ambacho programu itakijaza yenyewe. Python inatafuta "jina", haipati, na karani anaonyeshwa ukurasa wa hitilafu huku foleni ya ndoo iko mlangoni. Ya pili:

msgid "%(pct)s%% of the honey is grade A"
msgstr "%(pct)s% ya asali ni daraja A"

Alama moja ya asilimia imepungua. Kwa jicho la mwanadamu sentensi ya Kiswahili ndiyo iliyo safi zaidi. Kwa Python, "% y" ni agizo lisiloeleweka, nayo inagoma. Ya tatu ina kiungo cha HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ambacho mfasiri amesahau kukifunga kwa </a>, kwa hiyo nusu ya ukurasa inageuka kiungo. Na ya nne, tutairudia baadaye kwa sababu ndiyo ngumu:

msgid "%(item)s was deleted."
msgstr "%(item)s imefutwa."

msgfmt

Hiki si kifaa kipya cha kwenda kutafuta. Ukiwa na gettext kwenye kompyuta, unacho tayari:

msgfmt -c -o /dev/null locale/sw/LC_MESSAGES/django.po

Kwa kawaida msgfmt hugeuza .po kuwa faili la .mo ambalo programu inalisoma. Hapa tunaitupa hiyo .mo, tunabaki na ukaguzi tu. Sentensi ya kwanza na ya pili inazikamata papo hapo, inakutajia faili na namba ya mstari, na inakataa. Inahesabu pia kama maumbo ya umoja na wingi yanalingana na yaliyotangazwa kichwani mwa faili. Kwa Kiswahili kichwa hicho ni nplurals=2; plural=(n != 1), yaani "mzinga 1" na "mizinga 7". Kwa Kinyamwezi unakiandika mwenyewe, na ukikisahau msgfmt itakukumbusha bila adabu. Kama ujumbe wa asili unaishia na mstari mpya na tafsiri haiishii hivyo, nalo inalisema.

Sharti moja: juu ya ujumbe lazima kuwe na alama ya python-format, la sivyo msgfmt haijui kwamba % ina kazi maalumu. Amri ya makemessages ya Django, inayokusanya maandishi ya kufasiriwa na kuyaweka kwenye .po, inaiweka yenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba compilemessages, amri ya Django ya kutengeneza .mo, huiita msgfmt ikiwa na --check-format. Maana yake ulinzi huu unao tayari, ila unafanya kazi kwa kuchelewa: wakati wa kupandisha toleo jipya, Ijumaa jioni, mfasiri yuko Sikonge na simu haipatikani. Kinachobaki kufanywa ni kuusogeza mapema.

Upungufu wake ni mwembamba lakini ni wa kweli. HTML haiisomi, kwa hiyo sentensi ya tatu inapita ikiwa imenyooka. Haijali nafasi ya ziada, nukta iliyopotea, wala neno lililoachwa kwa Kiingereza. Ukiweka "sdfgh" mahali pa tafsiri, itaipokea kwa heshima zote. Faida yake ni kwamba haikusumbui kwa dhana. Ikilia, kuna kitu kimevunjika kweli, na kwangu hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kikaguzi kinachopewa mamlaka ya kuzuia.

Haihitaji mtandao. Mwenye Windows asiyetaka kugusa amri aweke Poedit, programu huria yenye ukaguzi wa aina hiyohiyo anapohifadhi faili, na anaweza kufanya kazi siku nzima bila bando.

pofilter

Hii inatoka kwenye Translate Toolkit, mkusanyiko wa vifaa uliokuzwa na watu wa Translate.org.za, waliokuwa wakifasiri programu huria kwa lugha rasmi za Afrika Kusini. Asili hiyo inaonekana. Ni kazi ya watu waliokwishakaa na wafasiri wa kujitolea na kuyaona makosa yao moja baada ya jingine, hadi vipimo vikafika zaidi ya arobaini. Unaiweka kwa pip install translate-toolkit, na pofilter --listfilters inakupa orodha.

Nguvu yake ni kwamba vipimo vimepangwa kwa uzito: kuna vya hatari vinavyoweza kuivunja programu, kuna vya kumchanganya mtumiaji, na kuna vya urembo. Sentensi ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zinanaswa ukiwasha vile vya hatari, pamoja na xmltags kwa ajili ya HTML:

pofilter -t printf -t variables -t xmltags -t newlines sw.po makosa.po

Faili la makosa.po linatoka na sentensi zenye matatizo peke yake, kila moja ikiwa na maelezo ya kipimo kilichoikataa. Unamtumia mfasiri hilo tu, anarekebisha kwenye Poedit, unaliunganisha tena na pomerge. Kwa afisa nyuki aliye porini wiki nzima na kupata mtandao akirudi mjini, mzunguko huu ni mzuri mno: faili la kilobaiti chache linapita hata kwa WhatsApp.

Sasa ubaya. Ukiiendesha bila kuchagua vipimo, itakufukuza. Kipimo cha simplecaps kinalinganisha herufi kubwa za pande mbili, na Kiingereza cha kwenye vitufe hupenda kuanza kila neno kwa herufi kubwa, wakati sisi tunaandika "Hifadhi mabadiliko" na kuendelea na maisha. Matokeo yake ni kengele inayolia kila upepo ukivuma, na baada ya wiki hakuna anayeinua kichwa. Kuna pia uwezekano wa kuunganisha ukaguzi wa tahajia. Kamusi ya Kiswahili ya LibreOffice ipo, inaitwa sw_TZ, lakini kitenzi chetu kimoja kinabeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli kwa pamoja, na orodha ya maneno haiwezi kuyamaliza maumbo hayo. "Hawajakuletea" ni Kiswahili sanifu kabisa. Usishangae kikikataliwa. Tahajia iwe msaada wa mfasiri mezani kwake, isiwe kizuizi cha mradi.

Kwa hiyo kati ya msgfmt na pofilter: kama maandishi yako hayana HTML ndani, msgfmt inatosha na usijiongezee mzigo. Kama yanayo, washa pofilter kwa vipimo vichache ulivyovitaja kwa majina, vingine vyote viache vimezimwa.

Weblate

Hapa tunabadilisha kitu kikubwa zaidi, kwa sababu Weblate ni mahali pa kufasiria penyewe, na ukaguzi umo ndani. Ni programu huria iliyoanzishwa na Michal Čihař wa Ucheki mwaka 2012. Mfasiri anafungua kivinjari, hata cha simu, anaona sentensi ya Kiingereza na kisanduku cha kuandikia. Akihifadhi, ukaguzi unafanyika hapohapo, akiwa bado anaikumbuka sentensi. Kwa upande wa pili Weblate inaandika kwenye repo yako ya Git, yaani hifadhi ya kodi na historia yake, kwa jina la mfasiri. Mwalimu wetu hajawahi kusikia habari za Git, na jina lake limejaa kwenye historia ya mradi.

Sentensi tatu za kwanza zote inazikamata. Lakini uzuri uko kwenye kinachofuata baada ya kukamata. Unaweza kuteua baadhi ya vipimo kuwa vya lazima. Tafsiri ikishindwa kipimo cha lazima haitupwi: inawekwa hali ya kuhitaji kurekebishwa. Kwenye faili la .po hali hiyo huandikwa fuzzy, na msgfmt kwa kawaida huziruka sentensi za fuzzy inapotengeneza .mo. Ukiunganisha mambo hayo mawili, karani anaona sentensi moja ya Kiingereza katikati ya Kiswahili badala ya kuona ukurasa uliokufa. Ningechagua hilo kila siku ya juma.

Inalinganisha pia tafsiri zenyewe kwa zenyewe. Ujumbe uleule wa Kiingereza ukifasiriwa "risiti" sehemu hii ya mradi na "stakabadhi" sehemu ile, inakuonyesha. Unaweza kuweka faharasa ya mradi na kuitaka ikague kama imefuatwa. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, wafasiri wa Kiswahili wamekuwa wakibishana juu ya istilahi. Faharasa haimalizi ubishi, ila inahakikisha mradi mmoja unasema kitu kimoja.

Kelele nazo zipo. Mwalimu alinipigia simu siku za mwanzo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hili dude lako linaniwekea onyo kila nikiandika Sikonge. Wilaya nayo niifasiri?"

"Hapana Mwalimu, iache hivyohivyo. Nitaliambia linyamaze."

"Na Kaliua je?"

Kipimo kilikuwa kinalalamika kwamba tafsiri inafanana na asili. Dawa ni kuweka bendera ya ignore-same kwenye ujumbe husika. Bendera hizi zina faida zaidi ya nilivyotarajia: max-length:20, kwa mfano, inamzuia mfasiri kuandika sentensi ndefu kwenye kitufe cha simu ndogo, na sote tunajua Kiswahili kinavyopenda kurefuka.

Swali la pesa na seva. Ukitaka kujiwekea mwenyewe, utahitaji hifadhidata za PostgreSQL na Redis, kazi za nyuma zinazokimbia muda wote, na memori ya gigabaiti kadhaa. Kwa Docker inawezekana kuisimamisha ndani ya mchana mmoja, lakini kuisimamisha ndio mwanzo tu. Kuna masasisho, nakala za akiba, barua pepe zisizofika, na bili ya seva kwa dola kila mwezi. Mradi mdogo wa kujitolea usijitwike hilo. Weblate wenyewe wanahifadhi bure miradi huria inayoomba na kukubaliwa, ilimradi kodi iwe wazi na leseni iwe huria. Omba hiyo. Kujiwekea seva ni kwa taasisi ambayo data yake hairuhusiwi kutoka nje, au yenye mtu wa mifumo anayelipwa mshahara.

Crowdin na Transifex

Haya ni majukwaa mengine ya kufasiria mtandaoni. Nazitaja kwa sababu huenda umeshazitumia: DHIS2, ambayo Wizara ya Afya inaitumia kwa takwimu za vituo, imekuwa ikifasiriwa Transifex. Zote mbili zina ukaguzi mzuri, zote zina mpango wa bure kwa miradi huria inayokubaliwa, na zote kodi yake imefungwa. Transifex iliwahi kuwa huria, kisha ikafunga. Kama jamii yako ya wafasiri iko huko tayari, usiihamishe kwa ajili ya ukaguzi peke yake. Kama unaanza upya, sioni zinachokupa zaidi ya Weblate kwenye mradi wa ukubwa huu.

Ukaguzi ufanyikie wapi

Swali hili linachanganywa na lile la kifaa. msgfmt ni ileile, iwe inaendeshwa kwenye laptopu yako au kwenye seva ya GitHub. Tofauti ni nani anaweza kuikwepa.

Kwenye laptopu unaweza kuweka kizuizi kinachokagua kabla mabadiliko hayajarekodiwa. Ni haraka, hakili bando, na mwenye haraka zake anakiruka kwa --no-verify. Kwenye GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha amri kwenye seva zake, ambayo ni bure kwa repo za wazi, kila ombi la kuunganisha mabadiliko linakaguliwa lenyewe, na ukilinda tawi kuu hakuna kinachoingia bila kufaulu. Kiini chake ni mistari miwili:

sudo apt-get install -y gettext
find . -name '*.po' -print0 | xargs -0 -n1 msgfmt -c -o /dev/null

Nimependelea xargs kuliko kitanzi kinachosimama kwenye kosa la kwanza, ili Kiswahili kikiwa na kosa, la Kinyamwezi nalo lionekane kwenye ripoti ileile. Kwa mtu anayesukuma kazi kwa intaneti ya simu, kurudi na kurudi ndiko kunakochosha.

Na hata ukiwa na Weblate, acha huu ukaguzi wa GitHub uwepo. Weblate inalinda mlango wa wafasiri. Watengenezaji wanaingilia mlango mwingine, na kijana anayefungua .po kwa kihariri cha kodi "arekebishe neno moja tu" ndiye hasa wa kuogopwa.

Ambacho vyote vitatu havikioni

Rudi kwenye sentensi ya nne. "%(item)s imefutwa" inafaulu kila kipimo nilichokitaja. Kisha %(item)s inakuwa "Mfugaji", na skrini inasema "Mfugaji imefutwa". Ikiwa "Mzinga", inatakiwa "umefutwa". Ikiwa "Jina", "limefutwa". Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo mwandika kodi aliona sentensi moja inatosha, na hakuna tafsiri moja ya Kiswahili inayoweza kumwokoa. Hapa kosa liko kwenye kodi. Dawa ni kuandika ujumbe kwa kila kitu, mmoja wa mfugaji, mmoja wa mzinga, mmoja wa stakabadhi, hata kama Kiingereza kitaonekana kinajirudia. Unachoweza kukiendesha kwa mashine ni kutafuta jumbe zinazoanza na alama ya kujazia kama %(item)s. Ni grep fupi tu, nayo inakupa orodha ya kwenda kuisoma kwa macho.

La pili ni fuzzy yenyewe. Maandishi ya asili yakibadilika, msgmerge inatafuta tafsiri ya zamani inayokaribiana na kuipachika kwa muda. "Payment received" na "Payment reversed" kwa mashine zinakaribiana sana, hivyo malipo yaliyorudishwa yanapachikwa "Malipo yamepokelewa". Fuzzy ikibaki, hakuna madhara. Mfasiri akiiondoa bila kusoma, umewadanganya wafugaji kuhusu hela yao, na kila kikaguzi kitakupigia makofi. Kwa sababu hiyo sikubali mtu awashe --use-fuzzy ya compilemessages ili tu asilimia ya tafsiri ionekane imepanda.

Wapo sasa wanaopeleka tafsiri kwa modeli za lugha zikaguliwe. Kwa upatanisho wa ngeli zinasaidia, kwa kuwa zinaisoma sentensi nzima. Lakini modeli ileile inaweza kupitisha leo ilichokataa jana, na kizuizi kinachobadili jibu kinawafanya watu wabonyeze "jaribu tena" mpaka wapate kijani. Iache itoe maoni pembeni, isishike ufunguo.

Ningechaguaje

Kama wafasiri wako ni waandika kodi walewale, weka msgfmt kwenye GitHub Actions leo, ongeza xmltags ya pofilter ukiwa na HTML, basi. Weblate itakuwa mzigo usio na mbebaji.

Kama wafasiri ni walimu, maafisa ugani, watu wa simu, anza na Weblate ya bure na ufanye vipimo vya alama za kujazia na HTML kuwa vya lazima, vingine vyote vibaki maonyo. Kama mtandao wao ni wa kubahatisha, wafundishe kupakua .po kutoka Weblate, kufanya kazi kwenye Poedit, na kulipandisha wakipata mtandao.

Ukishahamia Weblate, kubalianeni mapema nani anaendesha makemessages, maana Weblate na mtengenezaji wakiligusa faili moja siku moja, Git italeta mgongano ambao mfasiri hawezi kuutatua na wewe hutaki kuutatua. Funga Weblate kwanza, hakikisha imesukuma kazi yote ya wafasiri, vuta, endesha makemessages, sukuma, fungua. Na uiendeshe ikiwa na --add-location file: namba za mistari zinaondoka kwenye maelezo ya .po, jina la faili linabaki, na mabadiliko ya kodi yasiyohusu tafsiri hayataligusa tena faili la wafasiri.